Mkwe wa Ghorofa ya Saba

Kila mwezi wa Julai, joto la Maskati linapozidi na shule kufungwa, Ndinda na mumewe Kyule huja Nairobi kupambana na baridi. Wote wawili ni walimu huko ng'ambo: Ndinda hufundisha watoto wadogo Kiingereza, na Kyule hufundisha wakubwa hisabati. Huja na binti yao Mutheu na masanduku yaliyosheheni tende na ubani, na kila mwaka huibuka swali lile lile. Kyule atalala wapi?

Nthoki, mamake Ndinda, anakaa mtaani Mbotela katika nyumba ya chumba kimoja na jiko. Hata hivyo, ingalikuwa na vyumba kumi, mkwe wake asingalilala humo. Kwa Wakamba waliolelewa wakaleleka, mama mkwe na mume wa bintiye huoneana haya, haya ile ambayo wenyewe huiita nthoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatajani majina, na hakuna anayekanyaga chumba alimotandika mwenziwe kitanda. Miaka yote ya ndoa ile, Nthoki na Kyule walizungumza kupitia kwa mtu wa tatu, hata pale ambapo mtu huyo aliketi katikati yao na wao wenyewe walisikiana barabara.

"Mutheu, mwambie baba yako chai iko tayari."

"Baba, chai iko tayari."

"Mwambie nyanya ahsante, nakuja."

"Nyanya, anasema ahsante, lakini bado amekaa tu."

Zamani walilala mtaani Fedha kwa nduguye Kyule. Mwaka huu ndugu huyo alikuwa amehamishwa kikazi, na Ndinda akapendekeza hoteli.

"Hoteli?" Nthoki alishtuka. "Mwanangu afike kwao, kisha alale hotelini kama mtu asiye na watu? Nitaficha wapi uso wangu kanisani?"

Akatafuta makao mwenyewe. Alipata nyumba yenye samani huko Kware, ghorofa ya saba, katika jengo jipya ambalo juu yake mafundi walikuwa wangali wakiongeza ghorofa nyingine. Hakupanda kuikagua, kwa kuwa ndimo ambamo mkwe angelala. Aliliangalia jengo kutoka barabarani, akaipenda rangi yake, akasema linafaa.

Juma la kwanza lilipita salama. Katika juma la pili, Ndinda aliamka akakuta unga wa kijivu juu ya meza aliyoifuta jioni. Chungwa aliloliweka Mutheu sakafuni lilibingirika lenyewe polepole hadi pembeni, likatulia hapo kana kwamba limeitwa. Ufa mwembamba ukatokea juu ya dirisha. Adongo, mwangalizi wa jengo, alikuja na ndoo ya saruji, akauziba, akaupaka rangi huku akipiga mluzi.

"Jengo jipya ni kama mtoto, mwalimu," alimwambia Kyule. "Lazima lijinyooshe."

Kesho yake ufa ulikuwa umeichana ile rangi na kufika dari.

Jumamosi ilikuwa siku ya jamaa wote kukutana Mbotela. Dada zake Ndinda walikuwa njiani kutoka Kitui pamoja na watoto wao, na hema lilikwisha kusimamishwa uani ili Kyule apate kuketi mbali na macho ya mama mkwe. Asubuhi Ndinda alitangulia peke yake, akawa anasukuma chapati huku mamake akimenya viazi.

"Mbona umechelewa?" Nthoki aliuliza.

"Mlango, Mama. Juzi wa bafu ulikataa kufungika. Leo ule wa mbele umekataa kufunguka. Kyule amehangaika nao mpaka jasho likamtoka. Adongo anasema umevimba kwa baridi."

"Na mumeo anasemaje?"

Ndinda alisitasita. "Hataki tuseme neno. Anasema nyumba umetutafutia wewe, na kuilalamikia ni kukutukana. Tuvumilie tu mpaka likizo iishe."

Nthoki alitikisa kichwa kwa kuridhika. Huyo ndiye mkwe aliyefunzwa adabu. Simu ya Ndinda ililia wakati huo: basi la dada zake lilikuwa limekaribia mjini. Akapangusa mikono, akatoka kwenda kuwalaki.

Nthoki akabaki na viazi vyake. Kisu kilizunguka, ganda likashuka, kisha kisu kikasimama. Alikumbuka alivyoiona milango ya jengo lile kutoka barabarani, imejipanga katika kila roshani, yote ya buluu, yote ya chuma.

Chuma hakivimbi kwa baridi. Mlango wa chuma hukataa kufunguka pale tu ukuta unapouminya.

Alimpigia Ndinda simu. Ndinda akampigia mumewe tena na tena, lakini simu iliita bila kujibiwa. "Nimenaswa kwenye msongamano, Mwaitu," alimwambia mamake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niko mbali. Mutheu yuko naye." Nthoki hakungoja kusikia zaidi. Alijifunga leso kiunoni na kumsimamisha kijana wa bodaboda, yeye ambaye hakuwahi kupanda pikipiki tangu azaliwe.

Chini ya jengo, Hikma, mwuza nguo mzaliwa wa Malindi, alikuwa akitoa bidhaa zake dukani na kuzirundika barabarani.

"Shikamoo, mama. Leo siuzi. Nahama."

"Marahaba. Unahama kwa nini?"

"Nguzo ya nyuma inalia. Nimemwambia Adongo kwamba inalia kama mtu anayeumwa na jino, akaongeza sauti ya redio." Hikma akashusha sauti. "Nenda kaione mwenyewe."

Nthoki alichungulia. Plasta ilikuwa imebanduka chini ya nguzo, na nondo za chuma zilijikunja kuelekea nje kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mbele ya macho yake kipande cha zege kilijing'oa bila kuguswa, kikaanguka.

Akaanza kupanda ngazi. Katika ghorofa ya tano alimpita msichana aliyekuwa akichochea sufuria ya maharagwe mlangoni pake.

"Sasa, shosh! Polepole, lifti iko likizo."

"Shuka, binti yangu. Nyumba hii si nzima."

"Nyumba gani ya Kware ni nzima, shosh?" msichana akacheka. Jirani yake akamwita kutoka ndani, "Kate, nani huyo?" naye akajibu kwamba ni nyanya mmoja wa kanisa.

Ghorofa ya saba Nthoki aligonga mlango kwa ngumi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mutheu.

"Ni nyanya. Fungueni mtoke, upesi!"

Ikasikika minong'ono. "Nyanya, baba alikuwa anaoga. Hana nguo. Anasema ushuke umngoje chini, atanituma mimi."

"Mwambie atoke hivyo hivyo."

"Anasema hawezi. Anasema ana haya."

Ndani ya ukuta kitu kilipasuka, sauti kavu kama ya kuni inayovunjwa gotini. Unga wa kijivu ulimwagika kutoka darini, ukamtua Nthoki mabegani. Upande wa pili wa mlango ule alisimama mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anayejificha kwa sababu ya heshima yake kwake. Nthoki alijua kwamba kama angeendelea kumsemesha kwa adabu, mtu huyo angekufa kwa adabu, pamoja na mtoto.

"Kyule!"

Milango ya majirani ilifunguka. Wengi wao walikuwa Wakamba, na walijua walichokisikia.

"Kyule! Mbebe mtoto uvute mlango! Mimi nausukuma!"

Kyule alivuta, Nthoki akasukuma kwa bega, na chuma kikalia, kikaachia nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Mutheu alitoka kwanza. Baba yake akamfuata akitiririka maji, amejifunga leso ya mkewe, macho yake yakiwa chini kabisa. Nthoki akamkamata kifundo cha mkono. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyopata kumgusa.

"Mungu wangu!" mwanamke mmoja alipiga yowe. "Mama anamburura mkwewe! Nthoni imekwenda wapi?"

Vicheko vikalipuka. Watu walitoka na simu zao, wakaanza kuwafuata ngazini wakipiga picha. Uso wa Nthoki uliwaka moto. Lakini walipofika ghorofa ya sita aligeuka, akaona umati uliokuwa ukishuka nyuma yake, akatambua kinachotendeka. Akawaambia jengo linaanguka, wakacheka na kusimama. Alipomburura mkwewe tena, wakafuata. Basi akapaza sauti kwa kadiri alivyoweza.

"Njoni mmwone mkwe wangu! Njoni mmwone Kyule na leso yake! Hamjapata kuona aibu kama hii!"

Kila ghorofa alilitaja jina lile, na kila ghorofa milango ilifunguka. Kyule alishuka kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

"Buda amevaa leso ya mrembo!" Kate alipiga makofi, akajiunga nao akicheka kuliko wote.

Barabarani walisimama ng'ambo, karibu na marundo ya nguo za Hikma. Umati ulikuwa mkubwa, ingawa roshani nyingine bado zilikuwa na watu walioinamia vyuma kutazama. Nthoki aliwapungia, akawaita, akawaambia habari ya nguzo. Wakampungia nao, wakimcheka.

Kyule alikuwa akitetemeka. Akainamia sikio la bintiye.

"Mwambie nyanya aniachie. Pasipoti zetu zote ziko juu. Bila hizo hatuna kazi."

"Mwambie baba yako sitamwachia," Nthoki alisema kabla mtoto hajafungua kinywa.

Kyule alikuwa na nguvu za kujinasua. Lakini mwanamume aliyefunzwa vizuri hanyang'anyani mkono na mama mkwe, basi akasimama pale pale.

"Wueh! Maharagwe yangu yanaungua!" Kate alikumbuka.

"Binti, usipande!"

"Dakika moja tu, shosh. Wewe usimwachilie huyo!" Akakimbia akivuka barabara, malapa yake yakipiga lami, akaingia ndani.

Nthoki alimwita tena. Mkono mmoja ulimshika mkwewe, wa pili ulimshika mjukuu, na hakuwa na wa tatu.

Sauti ilianzia chini, nzito, kama gunia la mahindi linaloburutwa juu ya mbao. Vicheko vikakatika. Dirisha la duka la Hikma lilipasuka lenyewe, kisha vumbi likatoka katika madirisha yote kwa mara moja, na ghorofa ya tano ikashuka juu ya ya nne, na ya nne juu ya ya tatu. Mtu wa roshani ya mwisho alikuwa bado ameinua mkono.

Vumbi lilipotua kidogo, hapakuwa na sauti isipokuwa redio ya Adongo iliyokuwa ikiimba mahali fulani chini ya zege. Kisha kilio cha mtu kikasikika chini yake.

Kyule alimgeukia Nthoki, akamtazama usoni.

"Mama," alisema, "niachie. Kuna watu mle."

Nthoki akafumbua vidole vyake kimoja kimoja, akamwachia aende.