Waya Uliosikia ya Jirani

Mke wangu nilimjua sauti kabla ya sura. Mimi nilikuwa fundi wa laini za simu, mtu wa kupanda nguzo na koleo kiunoni. Yeye alikuwa opareta kwenye bodi ya kuunganishia simu, kavaa visikizio, anachomeka nyaya na kuuliza "Namba gani?" kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikishatengeneza laini, nilimpigia kutoka kule kule juu: "Jaribio, fundi hapa." Naye alijibu: "Nimekupata, fundi." Basi. Miezi saba ya mapenzi, maneno matano.

Siku moja kulikuwa na upepo mkali, nyaya mbili zikawa zinagusana, na mimi juu ya nguzo nikasikia mazungumzo ya laini isiyo yangu. Alikuwa ni yeye, akimwambia opareta mwenzake, "Yule fundi mwenye sauti ya kukwaruza, siku asipopiga naona kama bodi nzima imekufa." Mstaarabu angeshuka kimya kimya. Mimi ustaarabu sikujaliwa. Nikasema, "Jaribio, fundi hapa." Yule mwenzake akaangua kicheko mpaka waya ukalia. Mwaka uliofuata tulioana.

Tangu hapo tukabaki Fundi na Opareta, hata mbele ya binti yetu. Nyumba tuliijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na moja. Opareta ni wa shoto, kwa hiyo swichi zote za taa nilizifunga upande wa kushoto wa mlango, na makabati yote yakafunguka kwa kushoto. Wageni walipapasa ukuta gizani huku wakinilaani. Niliwaacha wanilaani, haikuwa nyumba yao. Naikumbuka mpaka inaniuma, na sioni aibu kusema hivyo.

Kisha moyo wake ukaanza uvivu. Daktari alitueleza kwamba moyo una vyumba vya juu na vya chini: cha juu kinatoa amri, cha chini kinaipokea na kusukuma damu. Kwa Opareta amri ilikuwa inapotelea njiani. Wakamwekea betri ya moyo, kibati kidogo chini ya ngozi karibu na bega, pamoja na waya mmoja unaopita ndani ya mshipa hadi chumba cha chini. Kwa vile ni wa shoto walitaka kukiweka kulia, ila mshipa wa kulia uligoma, kikawekwa kushoto. Hapo nilisikiliza kwa masikio yote mawili, maana mambo ya nyaya ni lugha yangu. Ule waya kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Chumba cha chini kikipiga chenyewe, betri inanyamaza. Kisipopiga, betri inakistua.

"Wiki sita asiinue mkono wa kushoto kupita bega," alisema daktari. "Waya bado haujashika."

Na mimi nilikuwa na katazo langu. Mwaka mmoja kabla nilianguka kwenye ngazi nikavunjika kifundo cha mkono, na binti yetu, ambaye ni mwalimu mkuu na akisema jambo huwa ameshalipigia muhuri, alinisimamia mbele. "Baba, nikisikia umepanda tena ngazi, mnahamia kwangu wote wawili. Nyumba hii tunaifunga." Kwake ni mji mwingine, ghorofa ya tatu, kibaraza cha kutosha kiti kimoja.

Wiki ya tatu ya betri, televisheni ikaanza chenga. Nikapanda ngazi kwenda kuikaza antena. Nilipofika juu nikaita, "Koleo!" kama nilivyoita maisha yangu yote, na koleo likafika kiganjani. Nilipotazama chini ndipo nikaona ni mkono gani ulioliinua.

Tulitazamana.

"Mimi sijakuona juu ya ngazi," akasema.

"Na mimi sijaona mkono wako."

Tulicheka kama watoto walioiba sukari.

Siku tatu baadaye alianguka jikoni, kikombe mkononi. Aliamka papo hapo na kuanza kukisikitikia kikombe. Kwenye zahanati wakasema dawa ya presha ni kali, ipunguzwe. Wiki haikuisha akaanguka tena, mlangoni mwa bafu. Nilimwinua nikamkalisha kwenye kiti.

"Tuseme ukweli, Opareta."

"Ukisema mkono, watauliza koleo. Ukisema koleo, mwanao atauliza ngazi. Na mimi kwenye ghorofa ya tatu siendi kuzeekea. Niapie."

Nikaapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kinamuumbua nani pale mgonjwa ni mmoja na wafichaji ni wawili.

Alipoanguka mara ya tatu jirani alimpigia binti yetu. Alifika siku hiyo hiyo, akatupakia garini hadi hospitali kubwa. Daktari wa moyo alikuwa mwanadada kijana, mpole, aliyetuamkia kabla ya kuuliza lolote. Alimlaza Opareta, akamwekea kifaa juu ya kile kibati, na skrini ikaanza kuchora mistari.

"Betri nzima," akasema. "Waya unasikia mapigo vizuri, sabini na mbili kwa dakika. Mama, mkono hukuuinua?"

"Hata kidogo," alijibu Opareta kwa sauti yake ya kazini, ile ambayo hakuna aliyewahi kuibishia.

"Mzee?"

Nikajifanya natafuta kitu sakafuni. Daktari akaanza kuandika. Tubadilishe dawa, akasema, mrudi wiki ijayo.

Opareta aliketi ili avae viatu, kabla hawajamtoa kile kifaa. Nilimshika mkono kumsaidia, na kidole changu kikaangukia kwenye mshipa. Nikangoja pigo. Nikangoja tena. Skrini pale mbele yangu ilikuwa bado inahesabu sabini na mbili bila wasiwasi wowote, na chini ya kidole changu mapigo hayakufika arobaini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Laini inaongea, nikajiambia, lakini anayeongea si huyu.

"Daktari," nikasema, "waya wako unasikia ya jirani."

"Unasemaje, mzee?"

"Aliinua mkono. Alikuwa ananipa koleo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi."

Opareta aliuchomoa mkono wake kwangu. Binti yetu alisimama pale pale, mkoba ameubana kwapani.

Walimlaza tena haraka, na eksirei ikaonyesha. Daktari alituwekea picha ukutani, akafuata waya kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa umechomoka chini na kurudi juu hadi kwenye mlango kati ya vyumba viwili. "Akilala unagusa mahali pake kidogo," alisema. "Akiketi unapanda. Hapo unasikia chumba cha juu kikitoa amri, unadhani cha chini kimeshapiga. Betri inanyamaza."

"Kumbe chini hakuna aliyepokea simu."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na tungengoja wiki ijayo?"

Daktari aliiondoa picha ukutani. Alisema watamrudisha chumba cha upasuaji mchana huo huo.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na binti yetu. Mambo yote niliyoyaogopa nilijua yanakuja, nikayasubiri.

"Ulipanda kufanya nini?" akauliza hatimaye.

"Antena. Taarifa ya habari ilikuwa na chenga."

Akafunika uso akalia, mwalimu mkuu mzima. Alipomaliza akafuta macho kwa kiganja. "Mwisho wa mwezi mnahamia kwangu."

"Sawa."

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi na nadhani kukubali kwangu kulimtia hofu zaidi. Sikuwa na ubishi. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, kisha nikakaa tena.

Asubuhi waliniruhusu kuingia. Rangi ilikuwa imemrudia, na mkono wa kushoto umefungwa kifuani ili asiuchezee.

"Umeniuza, Fundi."

"Nimekuuza."

"Na nyumba?"

"Tunahama mwisho wa mwezi."

Akageuzia uso ukutani. Machozi yakamtiririka hadi sikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia, maana wa kulia ulikuwa na dripu, nikayafuta mimi, naye akaniacha.

"Kuna ubaya gani," akasema, "mtu kufia kwake?"

"Wewe ungefia kwako. Mimi ndiye ningebaki kwako bila wewe."

Muuguzi aliingia akapima, akaandika, akatoka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Basi nenda kaanze kufungasha," akasema Opareta, bado kautazama ukuta. "Vyombo vya kabati la kioo usiviguse, utanivunjia. Vile nisubiri."