Msumari wa Koti

Dobi alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, binti yake alipoingia uani na begi la shule bado mgongoni.

"Mama, leo Mwalimu Dira kaniita mwanangu."

Dobi akaacha kufikicha. "Mwanangu kivipi?"

"Hivyo hivyo. 'Njoo, mwanangu. Tuongee kuhusu maisha yako, mwanangu.'"

Kwa asiyeijua shule ile, hilo lingekuwa jambo la kushukuru. Mwalimu wa ushauri kumwita mtoto wa mwenzake mwanangu, ubaya uko wapi? Lakini wanafunzi wa kidato cha mwisho walikuwa na utani wao. Yule mwalimu, waliyempa jina la Dira kwa sababu kila asubuhi mstarini aliwaambia kwamba yeye ndiye dira yao ya vyuo na kazi, watoto wa wakubwa aliwaita kwa majina ya baba zao, tena kwa unyenyekevu, utadhani anaongea na hao baba wenyewe. Wengine ndio aliowaita mwanangu. Ukisikia mwanangu, walisema wanafunzi, shuka, gari limefika. Kijana aliyetaka uhandisi aliitwa mwanangu, leo anachomelea mageti. Aliyetaka sheria aliitwa mwanangu, akaishia kulinda lango la benki.

"Na wewe ulimwambia unataka nini?"

"Udaktari. Si anajua? Nani asiyejua?"

"Akasemaje?"

"Akatabasamu. Akasema uende ukamwone kesho."

Machale yakamcheza dobi. Tangu azaliwe, hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwita kwa jambo la heri.

Shule ile iliruhusiwa kupendekeza mwanafunzi mmoja tu kila mwaka kwa masomo ya udaktari yanayolipiwa na serikali. Binti ndiye aliyekuwa akiongoza tangu kidato cha kwanza, na hakuna aliyebisha. Ndiyo maana dobi, kwa haraka yake, alishapigilia msumari ukutani juu ya kitanda cha binti. Aliupigilia juu kabisa, ili koti jeupe la daktari likitundikwa pindo lisiguse chini. Siku ile binti alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama! Hata mtihani sijafanya!" Dobi akamjibu kwamba kila mtu afanye wa kwake, yeye wake kashaumaliza.

Kesho yake, mlangoni kwa Mwalimu Dira, dobi akiwa na binti yake alipishana na mwenyekiti wa bodi ya shule akitoka na binti wa kwake. Mwalimu alikuwa anawasindikiza, ameinama, mkono wa mwenyekiti kaushika kwa mikono yake yote miwili. Huyo binti wa mwenyekiti dobi alimjua vizuri. Jioni alikuwa akija uani kufundishwa baiolojia na binti wa dobi, anakalia ndoo iliyopinduliwa, anacheka na kila mtu. Leo aliinamisha uso akayatazama malapa ya dobi.

"Shikamoo," akayaambia malapa.

"Marahaba, mwanangu," dobi akaitikia, ndipo akalisikia neno lenyewe.

Ndani kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Mwalimu akavisogeza kando.

"Karibu mama, karibu sana! Keti hapo."

Kiti bado kilikuwa na joto la mwenyekiti. Binti wa dobi akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama, huyu mtoto ni hazina," mwalimu akaanza, sauti laini. "Ndiyo maana sitaki apotee. Udaktari ni miaka mingi. Ada serikali italipa, sawa. Vitabu je? Nauli? Nani atamlisha miaka yote hiyo?"

"Aliyemlisha mpaka leo."

Mwalimu akacheka. "Umenipata, mama! Lakini tuongee kiutu uzima. Mimi nimemtafutia njia fupi. Huduma za hospitali. Miezi michache tu, na ajira ipo inamsubiri. Si anataka hospitali? Basi ni hospitali hiyo hiyo."

Dobi alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Chupa yenyewe ndiyo hakuiona iko wapi.

"Na ile nafasi ya udaktari?"

"Ile ina mambo yake. Wanaangalia na mazingira ya mwanafunzi."

"Mazingira ndiyo nini?"

"Mazingira, mama." Akanyoosha mkono dirishani, kulikoanzia mabati ya mtaa wao, kisha akaurudisha mezani.

Huduma za hospitali ni kitu gani? Dobi aliona aibu kuuliza, asije akaonekana mshamba mbele ya mtoto wake. Akauliza anachokijua.

"Koti jeupe atavaa?"

Mwalimu akasita kidogo. Kisha uso ukamchanua.

"Makoti meupe? Mama, makoti meupe yatakuwa mikononi mwake kila siku ya Mungu!"

"Haya," dobi akasema.

Lilimtoka tu. Mwalimu akalidaka juu juu. "Hewala! Umemsikia mama yako, mwanangu?"

Mchana ule dobi alikuwa anakamua koti zito la suti ya mtu. Lilimlemea, maji yakimchuruzika mikononi, ndipo akasimama wima. Mikononi! Koti linavaliwa mwilini. Yeye mwenyewe makoti ya watu yalikuwa mikononi mwake kila siku tangu usichana wake, na hajavaa hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake, vipi asione?

Alilitupa koti kwenye beseni akaenda mbio na mikono yake mibichi. Mwalimu Dira alikuwa anafunga ofisi.

"Mwalimu, ulisema mikononi."

"Nilisema nini?"

"Makoti. Ulisema mikononi, hukusema mwilini."

"Loo! Mama, sasa tugombane kwa Kiswahili?" Akazungusha ufunguo. "Majina yameshakwenda. Na ulikubali mwenyewe, binti yako akiwepo. Ulisema haya."

"Haya mimi ninayo, mwalimu. Wewe ndiye huna."

Tabasamu likamfutika mwalimu. Akashusha sauti. "Chunga ulimi, mama. Binti bado hajafanya mtihani, na anaufanyia kwenye shule hii."

Dobi akaumeza ulimi wake. Alikothubutu kwenda nao ni kwa mkuu wa shule, ambaye alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamweleza kwa upole kwamba malalamiko yote ya ushauri hupelekwa kwa mwalimu wa ushauri.

Mtihani ukaja. Binti akaongoza tena, na haikubadili kitu. Binti wa mwenyekiti akaenda chuo kikuu kusomea udaktari. Wa dobi akaenda kozi ya huduma za hospitali.

"Leo wametufundisha kwamba doa la damu halifuliwi kwa maji ya moto," alimpigia mama yake simu.

"Kwani hukujua?"

"Nilijua kabla sijaanza shule."

Wakacheka wote wawili.

Mwaka wa tatu wa kazi, Jumamosi moja asubuhi, binti aliingia uani na furushi la makoti ya madaktari kichwani na lingine kwapani. Mashine ya kufulia ya hospitali ilikuwa imekufa, na wafanyakazi wa udobi waliambiwa wakafue majumbani. Sabuni wajitegemee. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa dawa, zaidi ya ile ya mama yake.

Wakafua pamoja. Kamba ikajaa, ua wote ukawa mweupe. Muuza mkaa wa jirani akapita, akachungulia, akapiga kigelegele.

"Hongera, mama daktari! Mungu si Athumani!"

Dobi akageukia beseni.

Lilibaki koti moja. Kifuani lilitariziwa kwa uzi wa bluu jina la ukoo la mwenyekiti wa bodi, lile lile ambalo Mwalimu Dira alizoea kumwitia binti wa mwenyekiti, ambaye sasa alijifunzia udaktari hospitali ile ile. Binti wa dobi alilisoma, akalikung'uta, akaingia nalo ndani. Dobi akamfuata, akamkuta analitundika kwenye msumari.

"Si hapo," dobi akasema.

"Kamba imejaa, mama."

Pindo halikugusa chini. Maji yakaanza kudondokea kitandani, na hakuna aliyekisogeza kitanda.