Félicité hana kaburi

Félicité alikwenda Basoko kununua samaki wa moshi, kama alivyozoea, na hakurudi. Baleinière, ile mashua ndefu ya mbao inayobeba watu na mizigo pamoja, iligonga gogo lililolala chini ya maji karibu na Yanonge, ikavunjika jua likiwa bado kali. Mimi ni mume wake, Ismaël. Ninaandika haya kwa sababu mpangilio wa siku zile umeanza kunichanganya, nami sitaki uchanganyike.

Nilikwenda Yanonge. Waliotolewa majini walikuwa wamelazwa chini ya kibanda cha soko, wamefunikwa vitenge. Niliinua kitenge kimoja baada ya kingine, na kwa kila uso ambao haukuwa wake nilimshukuru Mungu. Vitenge vilipokwisha ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimeshukuru bure.

Mvuvi mmoja aliyesaidia kutafuta alinifuata hadi ukingoni. "Papa," akaniambia, "mto ukitaka kurudisha mutu, unarudisha mbio. Huu umenyamaza. Rudia kwako, ulie na batu yako."

Nikarudi Kisangani, nyumbani kwetu Kabondo, na mikono mitupu.

Kwetu matanga yana mwisho. Mtu akishazikwa, ndugu wanakaa pamoja siku chache, wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani sakafuni, kisha ua unafagiwa na kila mtu anakwenda kwake. Lakini mwisho huo unahesabiwa kuanzia kaburini. Sisi hatukuwa na mahali pa kuanzia kuhesabu. Watu walikaa, wakaendelea kukaa. Nyimbo ziliisha, zikaanza upya. Wengine walianza kuondoka kimya kimya, wakiona haya kuaga.

Tonton Kasongo, yaani mjomba, ndugu wa mama mkwe wangu, ndiye aliyemlea Félicité baba yake alipofariki. Alisimama mbele ya wanaume, akavua kofia.

"Bon," alisema. "Tusidanganyane. Wazee walituonyesha njia. Mutu akipotea mu maji, tunakata mugomba, tunauvalisha nguo zake, tunauweka mu sanduku, tunazika. Pale roho inajua kwake iko wapi, na batu wanarudi kulala kwao."

Hakuna aliyepinga. Wakamwita Bilali, seremala jirani yetu, Mwislamu anayewatengenezea majeneza watu wa dini zote mtaani. Alikuja na utepe wake wa kupimia, akautazama mgomba uliosimama nyuma ya jiko, akakuna kidevu.

"Tonton, nipime nini hapa? Mugomba haina mabega."

"Pima nguo zake."

"Na urefu?"

"Félicité alikuwa murefu kunipita mimi. Kila mutu anajua."

"Kukupita weye haiko kipimo, Tonton. Hata mbuzi wangu akisimama na miguu ya nyuma anakupita."

Wanaume wakacheka, hata Tonton mwenyewe. Kisha kicheko kikakatika kwa wakati mmoja, kila mmoja akatazama miguu yake. Bilali akakunja utepe na kwenda zake kuranda mbao.

Siku ileile, alasiri, mchungaji wetu Lambert alikuja kutufariji. Ni mtu mwema, lakini anapenda kuhubiri siku za mwisho, na akianza hupandisha sauti. Alitaja vita, magonjwa, mito kufurika, ndugu kuuana. Alisema dalili zote zimetimia na hakuna iliyobaki. Alisema tarumbeta italia na makaburi yatafunguka, hapa Kisangani na kila mahali, na kila mtu atatoka katika kaburi lake. "Kila mutu mu kaburi lake," alirudia, akipiga kiganja juu ya Biblia.

Kutoka ndani, pale wanawake walipolala, ikasikika sauti ya mama mkwe wangu, Mama Sikujua. Tangu habari ifike alikuwa hajasema neno.

"Pasta. Na ule hana kaburi?"

Mchungaji alifunga Biblia, akaifungua tena. "Alors, Mama," alisema, "tuombe." Akaanzisha wimbo, na watu wakauitikia upesi, kama watu wanaokimbia mvua.

Asubuhi yake Mama Sikujua alitoka uani na kusimama mbele ya mgomba. Tonton alikuwa ameshika panga.

"Kasongo, acha."

"Dada, tulishakubaliana."

"Mulikubaliana na nani? Siku ile malaika akifungua kaburi ya mutoto wangu, atakuta nini? Batu yote wanatoka, mama huyu na mutoto wake, papa yule na bibi yake. Kwa Félicité kunatoka mugomba na kitenge. Munataka mutoto wangu achekwe mbele ya Mungu?"

"Sasa tufanye nini? Tukae hapa mpaka tarumbeta?"

"Sanduku, mutengeneze. Mutaniweka mimi ndani. Angalau mutu atatoka."

Tulidhani ni uchungu unaosema. Lakini aliingia ndani, akageukia ukuta, na tangu hapo akakataa chakula. Wakampelekea lituma, ndizi zilizopondwa, akaisukuma. Wakampa uji, akafunga midomo. Maji aliyanywa mara moja, akasema yana ladha ya mto, hakuyagusa tena. Wanawake wakaja kuniambia kwamba midomo yake imepasuka na mikono yake imekuwa ya baridi. Kwa Bilali nyundo ilisikika mchana wote, nami niliona wazi kwamba lile jeneza litapata mtu kweli.

Swali lake lilikuwa limeshakuwa langu. Nilipofumba macho kuomba niliona maji tu, meusi, mazito, na samaki. Nitasema bila kuficha: niliwaza samaki, na kile wanachofanya. Nilimuuliza Mungu atamkusanya wapi mtu ambaye amekuwa vipande, ambaye pengine ameshapita Bumba akielekea Kinshasa bila mtu kumwita jina. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, watu wakinipa pole, nikitikisa kichwa.

Wanawake walipokwenda kisimani, nilichukua Biblia ya Félicité. Kwetu mkwe wa kiume haingii alipolala mama wa mke wake, wala hamtazami usoni. Watu kama sisi huitwa bokilo, yaani wakwe, na hukaa mbali. Basi nikaweka kiti kwenye kizingiti, mgongo wangu ukielekea ndani kwake, uso wangu uani.

"Mama, ni mimi."

"Nilijua. Ni weye peke yako unatembea kama unaomba njia."

"Nataka kukusomea."

"Soma ao usisome. Mimi ninangoja sanduku."

Nilianza na barua ya kwanza kwa Wathesalonike, pale tunaposoma kila msibani: tusihuzunike kama wasio na tumaini, Bwana mwenyewe atashuka, na waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza.

"Kutoka wapi?" aliuliza.

Nilitazama. "Haisemi, Mama."

"Donc soma kwingine."

Palibaki Ufunuo. Sikuwahi kuusoma peke yangu. Tangu utoto niliufahamu kama kitabu cha kutishia watu, na mimi tayari nilikuwa na hofu ya kunitosha. Lakini nikaanza. Nilisoma farasi, wa upanga na wa njaa. Mama alisema nyuma yangu, bila kugeuka, "Hawa walishapita hapa. Wakati wa vita walilala mu nyumba yetu." Nilisoma maji yaliyokuwa machungu na watu wakafa kwayo, akaguna. Nilisoma mnyama mwenye vichwa saba, na kukimbia kwa mwanamke, na sauti yangu ikaanza kukauka. Nilitaka kufunga. Kila ukurasa ulizidi kuwa mzito, moto juu ya moto, na nikajiambia kwamba ninamuua kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mbona unanyamaza?"

"Ni ngumu, Mama."

"Ngumu kupita yetu? Soma."

Nikasoma. Nikafika kwenye kiti kikubwa cheupe, na wafu wakubwa kwa wadogo wamesimama mbele yake. Halafu nikasoma kwamba bahari iliwatoa wafu waliokuwa ndani yake. Na Mauti na Kuzimu zikawatoa wafu waliokuwa ndani yao.

Nilisimama hapo. Macho yangu yalirudi yenyewe juu ya mstari. Nilikuwa nimepita maneno hayo kanisani, nadhani, kama mtu anavyopita nyumba ya asiyemjua.

"Rudilia," alisema Mama Sikujua.

Nikarudia.

"Kwanza inaita nani? Bahari ao kaburi?"

"Bahari, Mama. Bahari inatangulia."

Nilisikia godoro likilia. Alikuwa ameketi.

"Lakini ile ni bahari," alisema. "Mutoto wangu iko mu mto."

"Mama, maji yetu yanakwenda wapi?"

"Kinshasa."

"Na kutoka Kinshasa?"

Alijua. Marehemu mume wake alifanya kazi kwenye meli ya mizigo na alimsimulia hayo yote.

"Kwa hiyo akibaki hapa, yuko mu mto," nilisema, "na akifika kule, yuko mu bahari. Popote, anayemwita anajua."

"Siku ya hukumu," alisema.

"Ndiyo. Sura hii ni ya hukumu. Lakini Félicité alikuwa wa Bwana, Mama. Unajua kuliko mimi. Weye ndiye ulimpeleka kanisani."

Akaniambia niendelee, nikaingia sura inayofuata, mbingu mpya na nchi mpya. Nikasoma kwamba bahari haikuwapo tena, na kwamba Mungu atafuta kila chozi, na mauti haitakuwapo, wala maombolezo. Hapo sauti yangu ilikatika kabisa. Nilikaa nikiangalia uani, moto wa wanaume ukitoa moshi mwembamba, nami nikilia kwa mara ya kwanza tangu Yanonge. Mama mkwe wangu hakunibembeleza. Mila haimruhusu. Lakini nilimsikia akisema polepole, kama mtu anayefikiri kwa sauti:

"Haipo tena. Kwa sababu ilishatoa yote. Haina kazi tena."

Alipotoka nje alishikilia ukuta. Tonton Kasongo aliinuka kwenye moto, wengine nao wakainuka.

"Kasongo. Hatuziki mugomba. Na mimi hamutaniweka mu sanduku."

"Bon. Na Félicité?"

"Félicité iko pale iko. Imeandikwa watamutoa."

"Imeandikwa." Tonton alitupa panga chini. Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. "Dada, nilimubeba huyu mutoto ku mabega. Nilimufundisha kutembea. Unasema hakuna kaburi. Mimi nitaenda kulilia wapi? Nitaweka mukono wangu wapi? Ku kitabu?"

Tonton alikaa chini mavumbini, mtu mzima yule, akafunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Ndipo nikaelewa kwamba mgomba ulikuwa wake yeye. Alitaka kitu cha kushusha katika udongo kwa mikono yake, apate kuamini.

Mama Sikujua alikwenda akakaa kando yake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Kisha akasema, "Simama. Twende ku mto. Utaweka mukono pale."

Njiani tulipita kwa Bilali. Jeneza lilikuwa limekwisha, limeegemezwa ukutani. Tonton alianza kueleza, Bilali akamkata.

"Hakuna shida, Tonton. Hapa Kisangani sanduku haikosi mwenyewe. Mwende."

Alivua kofia yake nyeupe tulipopita, akaivaa tena.

Tulishuka hadi bichi, pale mashua zinapofungwa, mama mkwe wangu mbele akishikwa na wanawake wawili, mimi nyuma kama inavyopasa. Maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya chai, yakibeba magugu. Nilishindwa kuyatazama. Bado nashindwa. Yale niliyosoma hayakuondoa samaki kichwani mwangu, wala gogo, wala ule mchana ambao pengine aliniita jina. Yalinipa kitu kimoja tu cha kushika, kidogo, nami nilikishika kwa nguvu zote kwa sababu hapakuwa na kingine.

Tonton Kasongo aliinama, akatia mkono ndani ya maji hadi kiwiko, akauacha humo.

Mama Sikujua ndiye aliyesema. Aliuambia mto kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwachia mtoto jirani asiyemwamini sana:

"Sikupatii mutoto wangu. Sikia vizuri. Ninakuachia tu. Mwenyewe atakuja kumuita, na utamutoa. Utamutoa muzima, na jina lake, na batu yote wakiona. Imeandikwa weye unatangulia."

Alitema mate pembeni, akafunga kitambaa chake upya kichwani.

Hatua chache kutoka pale baleinière nyingine ilikuwa inapakia kwa safari ya Yangambi na Basoko. Watu walipanda juu ya magunia, wakipeana watoto mkono kwa mkono, na mmoja aligombana na mwenye mashua juu ya mahali pa kukaa. Tuliwaangalia. Mama Sikujua alisogeza midomo, akiwaangalia mmoja mmoja, na nadhani alikuwa anawaombea. Kisha akageuka kuelekea nyumbani, akasema matanga yamekwisha.