Jumapili za Mwalimu Adalbert

Mwalimu Adalbert alikufa kwa presha wakati maduka ya dawa ya Kadutu, mjini Bukavu, yalikuwa yamefungwa kwa kuogopa waporaji. Binti yake Lydie alizunguka mitaa akigonga milango, na aliporudi mikono mitupu akamkuta baba amelala, uso umegeukia ukuta. Akamfumba macho mwenyewe. Hakulia. Majirani walisema ni mshtuko, lakini Lydie alijijua: miaka mingi alikuwa amempikia baba yake na kumfulia, wala hakuwa amempenda.

Chini ya turubai la kilio watu walikuja kumsifu. Walimu wa zamani wakakumbusha alivyofundisha darasa la mwaka wa kwanza maisha yake yote hadi alipostaafu, akikataa kila cheo, na alivyoingia darasani hata nyakati zile za kukosa mshahara, walimu walipolishwa mihogo na wazazi. Fundi viatu mmoja akasema mkono wake ulijua kuandika kwa sababu mkono wa mzee yule uliushika. Lydie alisikiliza akitazama chini. Hakuna hata mmoja aliyetaja Jumapili za baba. Kila Jumapili, misa ikiisha, Mwalimu aliiacha familia mlangoni mwa kanisa, akashika njia ya Panzi, na kurudi jua likizama. Mkewe, maman Rosette, aliuliza, akauliza tena, kisha akanyamaza. Mtaa ulikuwa umeshamjibia: ana mwanamke. Maman Rosette aliingia kaburini na uchungu huo, na Lydie akaurithi.

Asubuhi ya kuzika, mwanamke huyo akaja. Alikuwa mzee, mgongo umepinda, kitenge kimefifia. Shangazi Colombe alimtambua, maana zamani aliwahi kumfuata kaka yake hadi Panzi kwa kuchunguza. Akamnong'oneza Lydie kwamba yule ndiye, atolewe kabla watu hawajaelewa. Lydie akasema atakwenda mwenyewe.

Alimwendea na maneno makali mdomoni, lakini yule mama akamtangulia.

“Mimi njo Euphrasie, mama ya Guy.”

Lydie akadhani ametajiwa ndugu yake wa nje ya ndoa. Akauliza Guy ni nani.

Euphrasie akamtazama, kisha akasimulia kwa sauti ya chini. Vita ilipoingia Bukavu mara ya kwanza, risasi zilianza watoto wakiwa darasani. Mwalimu akawatoa, akawaongoza kuelekea Nyantende katikati ya umati uliokuwa ukikimbia, amemshika mkono Guy, mdogo kuliko wote. Msichana mmoja akaanguka, watu wakaanza kumkanyaga. Mwalimu akamwachilia Guy ili amwinue. Aliponyoosha mkono tena, Guy hakuwepo. Hakuonekana siku ile wala baadaye, akiwa hai au maiti.

“Alikuya kwangu akapiga magoti,” Euphrasie akasema. “Nilimufukuza. Dimanshi ingine, kiisha misa, akarudia, nikamumwangia maji. Akarudia tena. Nikachoka kumufukuza. Akaanza kunilimia shamba, kunipasulia kuni. Kiisha kazi, tunaikala tu chini pamoja. Hatukusema mingi.”

“Na maman yangu? Sababu ya nini hakumuambia?”

“Nilimuambia aseme. Akanijibu: muke wangu akijua nilipoteza mutoto wa mutu, ataniachia batoto yake na roho gani?”

Lydie akachuchumaa pale matopeni. Alikumbuka mama yake Jumapili jioni, akipakua bugali bila kumtazama mumewe, na baba akila kimya, hajitetei. Hapo machozi yakamtoka, na hakujua anamlilia nani kati ya hao wawili.

Colombe akaja kuuliza mbona bado hajamfukuza. Lydie akasimama.

“Ataikala na sisi, kule mbele.”

Colombe akavuta kiti chake, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Walimzika Mwalimu kando ya mkewe. Zamu ya Euphrasie ilipofika, alitupa udongo, akainama tena kwa shida, akatupa mwingine. Padri alidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa uzee. Lydie alijua wa pili ulikuwa wa mtoto asiyepata kaburi.

Watu walipoondoka alibaki nyuma. Alitaka kumwambia mama yake ukweli wa Jumapili zile. Alisogea hadi kwenye kaburi lake, akang'oa majani yaliyoota juu hadi ukabaki udongo mtupu. Mvua ikaanza kunyesha. Akajifunika kitenge, akapanda mlima kurudi nyumbani.