Siku Mama Mkwe Alipovilisha Vimwani

Mama mkwe wangu hawezi kuona kitu kina njaa akakaa kimya. Hicho ndicho kilema chake, na jamani, kwangu kimekuwa adhabu. Paka wa jirani amelishwa hapa mpaka kasahau kwao. Mimi mwenyewe, tangu niache kazi ya maabara ya maji, nafuatwa na sahani nyumba nzima. "Kula, mwanangu, unakwisha." Najibu nitakula baadaye, na baadaye yenyewe haifiki.

Kazi yangu sasa ni vimwani. Ni mimea ya majini midogo mno, kimoja kimoja hukioni bila hadubini, ila vikiwa vingi maji yanakuwa kijani. Navikuza juu ya paa, katika matangi sita ya plastiki angavu, pampu ya hewa ikivikoroga kutwa. Vikishiba mbolea vinabaki kijani na mimi sina changu. Lakini vinyime mbolea, viache juani siku kumi, vitaogopa kufa na kujitengenezea rangi nyekundu ya kujikinga. Rangi hiyo ndiyo wanayoitafuta watengeneza chakula cha kuku, ili kiini cha yai kikolee.

Mnunuzi mmoja, mama mwenye sauti ya hakimu, alikubali kuja Alhamisi saa nne asubuhi kuchukua chupa moja akaipime. Aliniambia wazi kwamba akikuta sina, anakwenda kwa mwingine, na habari za wiki ijayo hataki kuzisikia. Nimeacha ajira kwa ajili ya chupa hiyo moja.

Mama mkwe nilimweleza mara tatu. "Mama, tafadhali, hivi vinatakiwa viteseke kidogo. Usivipe kitu."

"Haya, nimesikia."

Nimesikia yake siyo nimekubali. Miaka kumi na minne katika nyumba hii, ningekuwa nimeshajifunza.

Jumatatu maji yalikuwa mekundu, nikafurahi peke yangu kule juu. Jioni hiyo nikaitwa kwa mama yangu mzazi, aliyeteguka mguu, nikakaa kwake mpaka Alhamisi asubuhi. Niliporudi nilipanda ngazi kabla hata ya kuvua viatu. Matangi yote sita yalikuwa yamefunikwa mashuka yasiunguzwe na jua. Nikafunua la kwanza. Kijani. La pili, kijani. Galoni ya mbolea ilikuwa pembeni, tupu. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Mama mkwe akatokea mlangoni na kanga yake begani. "Umeona? Vilikuwa vinakufa, mwanangu. Vimegeuka rangi ya kidonda. Nimevipa chakula, na lile dude la hewa nikalizima, maana lilikuwa linavinyima usingizi. Nia njema ni tabibu."

Mkwe hagombezwi. Kwa hiyo niligombeza ndoo iliyokuwa karibu. Niliiambia ndoo kwamba imeniharibia maisha, kwamba haisikii, kwamba mtu anaelezwa mara tatu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Halafu nikakaa chini nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mama mkwe akaiangalia ndoo, akaniangalia na mimi.

"Pole," akasema taratibu. "Najua unalilia vile vilivyokufa. Sikuvimwaga. Nilisema nikungoje uvione mwenyewe."

"Vilivyokufa vipi, mama?"

Akanipeleka nyuma ya tangi la maji ya kuoga. Pale juani palikuwa na beseni la kufulia. Alipozima pampu, vile vyekundu vilizama vikatulia chini ya matangi, naye akavichota kwa kikombe, tangi baada ya tangi, ili visiambukize vizima. Kwa siku mbili hakuvipa kitu, kwa kuwa alishakata tamaa navyo. Beseni lilikuwa na uji mzito, mwekundu. Kuzima pampu, kuacha vitulie, kuchota vya chini: hivyo ndivyo vinavyovunwa. Mimi nilijifunza kwa miezi mitatu.

Saa nne mnunuzi aliinua chupa juani, akaigeuza mara mbili. "Safi, kijani hakimo. Amevuna nani?"

Nikaitazama ndoo. "Mama mkwe wangu."

"Basi avune yeye yuleyule kila mwezi," akasema, akaondoka na chupa yake.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo kila mwezi tutavishindisha njaa?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akashuka jikoni, akarudi na sahani iliyojaa, akaniwekea mapajani palepale paani.

"Vyenyewe sawa, vina mnunuzi," akasema. "Wewe kula."

Nikala, akinisimamia mpaka nikamaliza.