Likizo ya Joan kwa Shangazi

Pale Kirushya hakuna aliyehitaji saa kujua kwamba saa mbili asubuhi imetimia. Mwalimu Celestini aligonga rimu ya gari aliyoitundika nje ya jiko lake, ngo, ngo, ngo, kumwita mwanafunzi wake. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mmoja tu, tena yupo papo hapo uani anamalizia uji: bintiye Joan, wa miaka kumi. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye waliacha, maana walikumbuka kilichomfikisha mwenzao pale.

Miaka mitatu nyuma Celestini alikuwa bado anafundisha shule ya ng'ambo ya bonde. Asubuhi moja ya masika alitangulia kwa baiskeli, akamwachia mwanawe wa kiume, Derick, maneno haya: "Ukichelewa nitakuchapa mbele ya wenzako." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kijito cha bondeni kimefurika. Watoto wengine walipoyaona yale maji waligeuza wakarudi makwao. Derick akavuka. Walimpata jioni, mkoba ungali mgongoni. Mama yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo uchungu ule Celestini aliubeba peke yake, na hakuna aliyewahi kumsikia akiutaja.

Aliacha kazi, akaapa Joan hatavuka kijito kile. Akawa anamfundisha nyumbani. Mtendaji wa kijiji alipokuja kuuliza alionyeshwa madaftari, akatikisa kichwa, akaenda zake. Na kufundisha, tusimwonee, alifundisha! Joan alikuwa anawapita hata watoto wa darasa la sita. Ila baba yule, jamani, alihama na shule nzima nzima: kengele, ratiba ukutani, mtihani wa Ijumaa, kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Saa za masomo hakutaka kuitwa baba, aliitwa mwalimu. Likizo ikifika, wenzake Joan wanakimbizana barabarani, yeye yuko mezani na hesabu za sehemu. Akiomba kutoka anajibiwa, "Likizo ni ya wanaokwenda shule."

Juni hii akaja shangazi mtu, Bonifasia, aliyeolewa Nyabusozi kule Biharamulo. Bonifasia si mtu wa kuzungusha maneno. Alimtazama mtoto siku mbili, siku ya tatu akamkabili kaka yake.

"Kaka, huyu mtoto anasoma kama mfungwa. Nipe mwezi mmoja nikae naye, acheze na Magdalena wangu. Asome, simkatazi, lakini asome huku anacheka."

"Kucheka hakufaulishi."

"Na kununa kunafaulisha?"

Celestini alikuwa anaogopa, basi. Alibakiwa na mtoto mmoja duniani, na kumtoa machoni kwake ilikuwa kama kuambiwa aache kupumua. Lakini macho ya Joan yalikuwa yamemng'ang'ania, yanaomba. Akakubali. Akamfungia madaftari matatu ya mazoezi na ratiba mpya ya kubandika huko aendako.

Wiki ya pili, Malongo, konda wa basi la Biharamulo, alimletea barua. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, mistari imepanda na kushuka:

"Baba, kuku wa shangazi ameatamia mayai kumi na moja. Mimi ndiye ninayehesabu siku zake, naandika kwa mkaa ukutani mwa jiko na shangazi hakasiriki. Jana mimi na Magdalena tulipima mahindi kwa sado mpaka debe likajaa, nikajua mwenyewe debe moja ni sado ngapi, sikuambiwa na mtu. Jirani alinipa pakiti ya mbegu nimsomee maelezo, akasema nasoma kama redio. Baba, nimecheka mpaka tumbo limeuma. Kuna mchezo nimejifunza. Nikirudi nitakufundisha na wewe ucheke."

Aliisoma amesimama mlangoni. Hapo mtu mwingine angelia, au angepanda basi siku ile ile. Yeye mkono ukaenda mfukoni. Barua ya kirafiki haina anwani! Tarehe haipo, salamu hazipo, aya hazikupangwa. Akapiga mistari, akazungushia makosa, chini akaandika: 17/30. Rudia. Akaikunja vizuri akamrudishia Malongo. Na wala hakuwa na nia mbaya, maskini. Mwenyewe aliona amemjibu mwanawe.

Jibu lilikuja baada ya siku tano. Anwani ipo, tarehe ipo, mwandiko umenyooka. "Mpendwa baba, natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima. Masomo yanaendelea vizuri. Ni mimi mwanao mpendwa, Joan." Basi, hakuna kingine. Kuku hayupo, mahindi hayapo, mchezo haupo. Celestini aliigeuza nyuma, akatazama hata ndani ya bahasha. Barua haikuwa na kosa hata moja, ilistahili thelathini zote, na alipotaka kuziandika mkono ulikataa. Hapo ndipo alipojua kwamba mwanawe alikuwa amemfungulia mlango, naye akaufunga kwa mkono wake. Kesho yake alipanda basi la asubuhi. Hakufuata madaftari. Alitaka arudishiwe yule mtoto wa barua ya kwanza.

Alipofika Nyabusozi alisikia kicheko nyuma ya jiko, akasimama. Kicheko kile hakukijua. Alipochungulia, alikuwa Joan, ameketi juu ya gunia la mahindi, anasoma kwenye kidaftari na binamu yake Magdalena pembeni anajishika mbavu. Joan akainua macho. Kicheko kikakatika pale pale. Akasimama wima, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimi ni baba, Joan."

"Ndiyo, mwalimu."

Bonifasia alitoka jikoni, akamkaribisha kaka yake kigoda, wala hakumkaripia. Ingekuwa nafuu kama angemkaripia.

"Ulikuwa unasoma nini?" Celestini akauliza.

Joan akaficha kidaftari mgongoni. Magdalena ndiye aliyejibu: "Barua zake. Anamwandikia Derick kila siku."

"Derick?" Akamgeukia Joan. "Kwa nini Derick, mwanangu?"

"Derick hasahihishi," akasema Joan.

Celestini akamwomba, akamwomba kweli, amsomee japo moja. Joan akamtazama shangazi yake, shangazi akaitikia kwa kichwa. Akasoma taratibu, macho hayatoki kwenye karatasi:

"Derick, vifaranga tisa vimetoka. Viwili havikutoka na shangazi amesema si kosa la mtu. Huku mtu akichelewa hachapwi, anawekewa chakula kinafunikwa. Natamani siku ile na wewe ungechelewa."

Celestini aliteleza kwenye kigoda akakaa chini, mavumbini, mtu mzima yule, akalia kwa sauti mbele ya watoto. "Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Mimi, Joan. Nilimwambia asichelewe."

"Najua," akasema Joan. "Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa uji."

Miaka mitatu alijua! Miaka mitatu aliketi mezani mbele ya baba yake, akijibu maswali, na anajua. Celestini akaomba msamaha, maneno yakamtoka ovyo ovyo, hayana mpangilio wowote. Joan akamsikiliza, akasogea, akampangusa vumbi begani. Alimpangusa kwa adabu, kama mtu anavyompangusa mgeni.

"Unataka kurudi nyumbani?" Celestini akamwuliza. "Sitagonga kengele tena."

"Ni lazima?"

"Si lazima."

"Shule ya huku haina mto njiani, kaka," Bonifasia akasema kwa upole. "Nitamwandikisha na Magdalena."

Celestini akamngoja mtoto. Alitaka japo asite kidogo. Aseme atamkumbuka, au aulize nani atampikia.

"Basi nabaki," akasema Joan. "Nabaki kabisa? Hata likizo ikiisha?"

"Kabisa."

Joan akaruka! Akamshika Magdalena mkono, wakatimka kwenda kuwaambia watoto wa jirani, kidaftari kikabaki juu ya gunia. Celestini hakukigusa.

Bodaboda ilipokuja kumchukua, Bonifasia akataka kumwita mtoto aje amuage baba yake. Vicheko vilikuwa vinasikika kule nyuma ya nyumba ya jirani, na cha Joan kilikuwa juu kuliko vyote. Celestini akamzuia dada yake. Aliogopa kwamba Joan akimwona tena atanyamaza.