Cherehani ya Siwema

Machi 1974, Kihesa, Iringa. Cherehani ya Siwema ilikuwa barazani, gauni la mteja limebanwa chini ya sindano. Mumewe Othmani, dereva wa lori la mafuta la Zambia, hakuwa amerudi tangu Idi.

Bibie, shangazi yake Siwema, alimwagulia kwa karata za kawaida za kuchezea, zilizochakaa pembe, kama mama yake alivyomfundisha. Mfalme wa uru aliangukia kando ya malkia wa shupaza.

"Mwanangu, huyu ana mlango wa pili. Mbeya. Kaa ushone."

Madereva walikuwa wameshamweleza Bibie. Lakini kwake habari chafu haikutoka kinywani. Ilitoka kwenye karata, asipatikane wa kulaumiwa.

Siwema alimwendea Alawi, mpangaji mgeni wa chumba cha uani, mwenye karata za picha kutoka Lusaka na kijitabu cha maana zake. Alawi alizipanga, akafungua kijitabu, akasoma: "Msafiri amelala. Anangoja mkono wa nyumbani."

"Maana yake?"

"Anaumwa, dada. Anakungoja wewe."

"Umesikia, shangazi?" Siwema alimgeukia Bibie, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kijana huyu hata sura ya Othmani haijui."

"Ndiyo maana namwamini. Wewe unasoma majirani, yeye anasoma karata."

"Na wewe unasoma unachotaka."

Siwema alimaliza gauni, akauza cherehani ili apate fedha za matibabu, akapanda basi la Mbeya. Madereva wa huko walimwelekeza mtaa wa Ilomba.

Othmani alikuwa juu ya ngazi, mzima, akiezeka jiko jipya. Mwanamke mwenye mimba kubwa alitoka na kigoda.

"Karibu, wifi! Mbona hukutuma habari? Umefanana na kaka yako."

Siwema alimtazama Othmani. Othmani alipigilia msumari, hakusahihisha neno. Siwema alikalia kigoda, akanywa maji aliyopewa, akaaga.

Siwema aliporudi Kihesa, Alawi alisema kijitabu hakikosei, pengine yeye ndiye aliyepanga karata vibaya. Barazani, pale cherehani ilipokuwa, Bibie alikuwa ametandika mkeka wake.

"Ulijua?" Siwema aliuliza.

"Karata zilikwambia."

"Nakuuliza wewe, shangazi. Sikuulizi karata."

Bibie alichukua karata zake, akaanza kuzichanganya.